Kitenge juu ya uso: uchambuzi wa kisa cha mauaji yenye msukumo wa kingono, Bukavu

Kuhusu kisa hiki

Kisa ni cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, cha miaka kadhaa kabla ya mji kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025. Majina ya watu hayamo, kartie, yaani mitaa, hazitajwi, na tarehe nimezigeuza kuwa hesabu ya siku. Marehemu wa kwanza nitamwita Mama Sambaza, kwa sababu aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wa pili ni Mwanafunzi. Yuko pia mwanamke wa tatu, aliye hai, nitamwita Mama Makala, kwa sababu aliuza makala, yaani mkaa.

Mimi niliingizwa katika dosie hii, yaani jalada la kesi, siku ya 16 baada ya kifo cha Mwanafunzi, nikiwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) wa kikosi kingine. Baadhi ya makosa yatakayosomwa hapa ni ya wenzangu. Mengine ni yangu, na nitayataja. Mambo waliyotendewa wanawake hawa sitayaeleza zaidi ya kile kinachohitajika ili uchunguzi ueleweke.

Mazingira

Asiyeijua Bukavu aifikirie kama ngazi. Nyumba zimepandiana juu ya vilima vinavyoteremka hadi ziwani, paa la jirani wa chini likiwa usawa wa mlango wako. Njia nyingi hazipiti gari, na mvua ikinyesha saa moja tu, alama zote za miguu zinashuka na matope. Umeme unakuja kwa zamu. Unapokatika, mtu anayetafutwa kuliko daktari ni fundi wa mtaani, yule mwenye ngazi ya mianzi begani na roli la waya. Anaingia uwani kwa mtu asubuhi, mchana, usiku, na hakuna anayemuuliza kitu. Mbwa wenyewe wamemzoea.

Mji una komini (manispaa) tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, na kila kituo kidogo cha polisi kina rejesta yake: daftari kubwa lenye mistari, linaloandikwa kwa kalamu, linalolala kabatini. Hakuna anayesoma daftari la jirani. OPJ hana gari, na karatasi ya PV, yaani maandishi rasmi ya mahojiano, mara nyingi hununuliwa na mlalamikaji mwenyewe. Siyasemi haya kwa kujitetea. Bila kuyajua, msomaji ataona ni ajabu kwamba mambo matatu yaliyotokea umbali wa nusu saa kwa miguu hayakukutana kwa miezi mitano.

Kisheria, mambo yalikuwa wazi kuliko wengi wanavyodhani. Wakati wa kisa hiki, sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ndizo zilizotawala: namba 06/018 kwa makosa na adhabu, namba 06/019 kwa mwenendo wa kesi. OPJ anayepokea shauri la ukatili wa kingono anapaswa kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja. Kosa la aina hii OPJ haruhusiwi kulimaliza kwa faini ya maafikiano. Ubakaji uliosababisha kifo unaadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Juu ya yote hayo, Katiba inasema mtu asikae kasho (mahabusu) ya polisi zaidi ya saa 48.

Kifo cha kwanza

Mama Sambaza alikutwa alfajiri chini ya nyumba ambayo haijamalizika, karibu na njia ya kwenda kuteka maji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Polisi walipofika, watu kama sitini walikuwa wamezunguka. Mwili ulikuwa umefunikwa kitenge usoni na kifuani. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya, lakini ndugu walikuwa wameshaifungua, kwa sababu hakuna anayeweza kumwangalia dada yake amefungwa namna hiyo akangoja afande.

Kituo kilichopokea shauri kiliandika "ujambazi uliosababisha kifo". Pesa za mauzo hazikuonekana, basi ikaonekana imetosha. Daktari hakuitwa. Familia iliuosha mwili siku hiyohiyo na kuuzika kesho yake. Kitu kimoja tu kilichukuliwa na kuwekwa kwenye mfuko: kile kitenge. Waya ulibaki chini. Kijana mmoja wa jirani aliuokota akafungia mlango wa kibanda cha kuku.

Kifo cha pili

Miezi mitano baadaye, katika komini nyingine, Mwanafunzi hakuonekana darasani siku mbili. Wenzake wawili walikwenda kwenye chumba alichopanga. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, alilikata kwa msumeno. Alikuwa kitandani, waya shingoni, shuka limefunikwa usoni. Simu yake haikuwepo.

Safari hii mambo kadhaa yalifanywa vizuri, na sifa ni ya daktari aliyepewa rekizisyo, yaani agizo rasmi la maandishi. Alikataa mwili uoshwe au uvuliwe nguo kabla hajauona. Aliona vidoa vidogo vya damu ndani ya kope, dalili inayoendana na kubanwa shingo. Waya aliukata upande wa pili wa shingo, mbali na fundo, kisha akafunga ncha mbili za mahali alipokata kwa uzi mweupe ili kila mtu ajue kwamba hapo ni mkasi wake. Fundo likabaki kama muuaji alivyolifunga. Alichukua sampuli kwa pamba. Alipoulizwa saa ya kifo, hakutoa saa. Alitoa nafasi pana, kati ya saa mbili usiku na saa nane usiku wa siku moja kabla ya jana yake. Mkuu wa timu alimkasirikia. Alitaka saa. Lakini katika mji ulio juu ya mita 1,400, ndani ya chumba chenye ukuta wa mbao na baridi ya usiku, mwili haupoi kama vitabu vya nchi tambarare vinavyosema, na daktari mkweli ndiye anayekataa kukupa kile unachokitamani.

Kilichoharibika ni hizo pamba. Ziliingizwa zikiwa bado mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa, ukawekwa kwenye friji iliyokuwa ikizimika kila umeme ulipokatika. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimeota ukungu. Bahasha ya karatasi, ile inayouzwa kwenye kila duka la fotokopi, ingezikausha na kuziokoa. Sitarudi kwenye jambo hili. Lililobaki la kusema ni kwamba kuanzia hapo dosie ilipaswa kusimama bila vinasaba.

Uamuzi wa kwanza: kumkamata mpenzi

Siku ya 2, timu ilimkamata mpenzi wa Mwanafunzi. Nimewauliza wenzangu mara nyingi sababu, na walinijibu bila kusita: uso uliofunikwa.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Mafunzo waliyopitia yaliwafundisha kwamba muuaji anayefunika uso wa aliyemuua mara nyingi anamfahamu. Anaona aibu, hawezi kuangaliwa na macho yale. Mtu mmoja wa timu akakumbuka kwamba hata yule mama wa samaki, miezi mitano nyuma, alikuwa amefunikwa kitenge. Wakaweka mambo mawili pamoja. Ni mtu mmoja, anajuta, anawafahamu wote wawili. Na mpenzi wa Mwanafunzi, kwa bahati yake mbaya, alikuwa amezaliwa kartie ileile ya Mama Sambaza.

Nakiri kwamba waliona jambo ambalo wengine wasingeona: kwamba vifo viwili vya komini mbili vinaweza kuwa vya mkono mmoja. Hilo lilikuwa sahihi. Ila walifika kwa njia iliyokuwa ya uongo, na njia ndiyo iliyompeleka kijana kasho.

Siku ya 5 kijana alikiri. PV ina kurasa nne. Katika ukurasa wa tatu imeandikwa kwamba baada ya kumnyonga alivuta shuka akamfunika uso "kwa sababu alikuwa ananiangalia". Mwendesha mashtaka alipokea dosie siku hiyo ya tano, wakati saa 48 zilikuwa zimeshapita. Kesho yake redio zilitangaza kwamba muuaji wa wanawake amekamatwa. Wauzaji waliokuwa wamekubaliana kurudi nyumbani kwa makundi wakaacha. Katika hesabu ya madhara ya dosie hii, siku zile wanawake walizotembea peke yao bila hofu, huku mtu mwenyewe yuko nje na ngazi yake, mimi naziweka juu kabisa.

Siku ya 16 hadi ya 20: vitenge vinarudi kwa wenyewe

Niliombwa nisaidie "kukaza" dosie kabla ya mwezi kuisha. Kukaza maana yake kutafuta kitu cha kusindikiza ungamo. Nilianza na kile kitenge, kwa kuwa ndicho kitu pekee kutoka kwa kifo cha kwanza. Nilitaka kuthibitisha kwamba kilikuwa cha marehemu. Nilipokiomba kwenye kituo kile, mlinzi wa zamu alicheka.

"Afande, hata nyinyi mnakitaka? Kuna mama mmoja anatusumbua kuhusu hicho kitenge tangu mwaka jana."

"Mama gani?"

"Anasema ni chake. Tunamfukuza."

Mama huyo ndiye aliyeuona mwili. Alikuwa akienda kuteka maji na vidumu viwili, saa kumi na moja alfajiri, amejifunga vitenge viwili kama wanavyofanya wakati wa baridi. Alimwona mwanamke mwenzake amelala wazi. Alivua kitenge cha juu akamfunika, ndipo akapiga kelele. Siku tatu baada ya hapo alikwenda kituoni kukidai. Hakuna aliyemuuliza jina.

Niliketi kwenye benchi la kituo kile nikajiona mpumbavu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesoma dosie mara mbili nikaupita mstari unaosema "mwili umefunikwa kitenge" bila kuuliza na nani. Kwetu nani atamwacha maiti wazi? Atakayefika kwanza atamfunika, awe ndugu au mpita njia. Kitabu kilichoandikwa mahali ambapo anayekuta maiti hagusi kitu bali anapiga simu na kungoja kinaweza kusema kwamba uso uliofunikwa ni habari ya muuaji. Hapa kwanza ni habari ya jirani. Unaanza na jirani, mpaka amalizike, ndipo muuaji aingie.

Siku ya 19 nilirudi kwa mwenye nyumba wa Mwanafunzi. Katika PV ya kwanza alikuwa amesema "nilimkuta hivyo". Nilimwacha, nikaanza na wanafunzi wawili waliokuwa mlangoni, kila mmoja peke yake. Wote wawili walisema jambo moja: Papa ndiye aliyevuta shuka, akatwambia tusitazame. Nilipomwambia, mzee alinyamaza kwa muda. Alikuwa ameogopa. Kugusa maiti kabla ya polisi, alidhani, ni kosa la kufungwa. "Nimezaa mabinti, afande," alisema, "ningefanya nini?"

Basi ungamo lilikuwa limekufa. Kijana alikuwa amekiri kufanya jambo lililofanywa na mwenye nyumba. Mtu anaweza kusema uongo kuhusu mengi, lakini hawezi kutoa kichwani mwake kosa lilelile walilokuwa nalo wachunguzi, isipokuwa amelisikia kwao. Nilipomuuliza ilikuwaje, alinijibu kwamba aliulizwa usiku mzima kwa nini alimfunika uso, na asubuhi akatoa sababu.

Siku ya 20 hadi ya 22: daftari la jirani

Kama si mpenzi, nani? Nilikuwa na jambo moja: waya. Waya wa shingoni ulikuwa mweusi, wa nyuzi mbili, ule unaotumika kuvuta umeme kutoka nguzo hadi nyumbani. Ndugu wa Mama Sambaza walisema wa mikononi ulikuwa mweusi vilevile, na kijana wa kibanda cha kuku alitupeleka kwenye mlango wake. Ulikuwepo, umepauka, umepindwa mara tano.

Uamuzi niliouchukua hapo haukuhitaji akili nyingi, ila miguu. Nilizunguka vituo vidogo vya komini zote tatu, nikaomba rejesta za mwaka mmoja, nikasoma kila mstari unaohusu mwanamke. Sikutafuta neno "kubaka". Nilitafuta "usiku", "peke yake", "kamba", "waya". Siku ya pili ya kusoma, katika kituo cha tatu, nilikuta shauri la miezi miwili na nusu kabla ya kifo cha Mwanafunzi. Juu ya ukurasa: "kupiga na kujeruhi". Ndani: fundi wa umeme, mwanamke muuza makala, mikono kufungwa kwa waya. Chini: "wameelewana". Jina la mtuhumiwa lilikuwepo. Na jina la baba yake. Na avenue, barabara ya mtaani kwake.

Kwa nini "kupiga na kujeruhi"? Nililinganisha na alivyosema mwenyewe. Mama Makala alieleza kwa Kiswahili chetu: alinishika kwa nguvu. Kila mtu hapa anaelewa maana ya maneno hayo yakisemwa na mwanamke kwa sauti ya chini: alinibaka. Lakini PV huandikwa kwa Kifaransa, na aliyeandika alitafsiri neno kwa neno, ikawa alimkamata kwa nguvu. Kukamatwa kwa nguvu ni mkono wenye michubuko. Kwa hiyo sheria za 2006 hazikuamka, mwendesha mashtaka hakujulishwa, na njia ya maelewano ikabaki wazi. Wazee wa familia mbili walikaa na chefu, yaani kiongozi, wa avenue; ikatoka mbuzi mmoja na dola 150.

Kabla ya kumfuata Mama Makala, niliomba OPJ wa kike achukue kazi hiyo, nami nikae nje. Walionana kwenye kituo cha afya alikotibiwa siku ile, si nyumbani, kwa sababu mume aliyeolewa naye baadaye hakuwa na habari. Kuhusu maelewano alisema sentensi moja ambayo mwenzangu aliiandika kwa Kiswahili ndani ya PV, kisha akaitafsiri chini yake: "Mimi sikuelewana na mtu. Ni baba zangu wadogo ndio walielewana."

Alieleza kwamba fundi alikuja mchana kurekebisha waya, akarudi jioni akisema amesahau koleo. Mama Makala alimng'ata fundi kidole gumba mpaka mfupa. Majirani walisikia. Muuguzi wa zamu, mtu ambaye sijawahi kukutana naye, alikuwa ameandika kwenye daftari la wagonjwa: "alama za waya kwenye vifundo vyote viwili". Daftari hilo tulilipata kwa rekizisyo, si kwa urafiki, na baadaye mahakamani tofauti hiyo ilikuwa na maana.

Hapa kuna kosa moja la mwenzetu. Alimwonyesha Mama Makala picha ya mpenzi kwenye simu, moja peke yake, akamuuliza kama ndiye. Alisema hapana. Mwenzetu hakutaka kuiandika hapana hiyo. Alidhani mama anaogopa. Ilibidi tubishane barabarani hadi ikaingia kwenye PV.

Siku ya 24 na ya 25: simu, kisha mlango

Baba wa Mwanafunzi alikuwa ametunza boksi la simu aliyomnunulia bintiye, na juu yake namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu moja tu. Ombi kwa kampuni ya simu lilipitia kwa mwendesha mashtaka siku ya 20, na jibu lilichukua siku 23. Hatukungoja. Vijana wawili wa timu walizunguka mafundi wa simu wa mjini na namba hiyo kwenye kikaratasi, wakaahidi kwamba atakayeitoa hatafungwa kwa kununua. Wa tisa aliitoa. Alikuwa ameinunua dola 25 kutoka kwa fundi wa umeme "mwenye kovu kidoleni, hapa".

Swali lililotugawa usiku ule lilikuwa lini tumkamate. Wengine walitaka usubiriwe mchana, kwa usalama wetu. Mimi na mwendesha mashtaka tulitaka alfajiri, kwa usalama wake. Bukavu mtu akiitwa mbakaji mchana, kabla hujafika barabara ya gari hana kesi tena. Matairi ya kumchomea yanatoka yasikojulikana. Tulikwenda saa kumi na moja, watu wanne, bila sare, na hati ya kumleta mkononi. Ndani tulikuta roli la waya mweusi na kufuli moja lenye funguo mbili. Mwenye nyumba wa Mwanafunzi alilitambua kuwa la aina aliyowanunulia wapangaji wake wote. Aina hiyo inauzwa kila mahali, na wakili wa mshtakiwa hakukosea kulisema.

Mama Makala alimtambua katika mstari wa watu saba, wote wakiwa wamevaa kinga za mikono ili kovu lisiseme kabla yake.

Matokeo

Siku ya 27 mpenzi alitoka. Alikuwa amekaa ndani siku 25. Siku ya 29 dosie iliyokamilika ilifika kwa mwendesha mashtaka, ikiwa na siku moja mkononi. Mahakama ilimtia fundi hatiani kwa kifo cha Mwanafunzi, kifungo cha maisha, na kwa alichomtendea Mama Makala. Kwa kifo cha Mama Sambaza aliachiwa kwa mashaka. Waya wa kibanda cha kuku ulikataliwa: hakuna aliyeweza kueleza umepitia mikono ya nani kwa miezi mitano, zaidi ya kuku. Majaji walikuwa sahihi. Familia haikubali, na mimi siwezi kuilaumu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Aliyenusurika ndiye shahidi wa kwanza wa mauaji ya aina hii, hata kama kisheria shauri lake ni dogo. Mtu hafiki kwenye kuua kwa msukumo wa kingono kama anavyofika kwenye ajali. Mara nyingi kuna mwanamke aliyeponyoka kabla, au katikati, na amekwisha kusema. Polisi wa Yorkshire nchini Uingereza walimhoji Peter Sutcliffe mara tisa kabla ya kukamatwa Januari 1981, akiwa ameua wanawake 13. Walionusurika walikuwa wameeleza sura yake vizuri, lakini baadhi yao hawakuhesabiwa kwenye mfululizo. Kadi zilikuwepo kwa maelfu, hazikukutana. Na kulikuwa na kaseti ya mtu wa uongo aliyejiita muuaji: kila asiyekuwa na lafudhi ya kaseti alivukwa. Kaseti yetu ilikuwa kitenge.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kavumu, mwendo mfupi kaskazini mwa Bukavu, kati ya 2013 na 2016, watoto wa kike karibu 40 walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa. Kwa muda mrefu kila dosie ilifunguliwa peke yake na kufa peke yake. Zilipounganishwa na kuchunguzwa kama tendo la kundi moja, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, ikikaa Kavumu kwenyewe, iliwatia hatiani wanaume 11, akiwemo mbunge wa jimbo, Desemba 2017, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliouliza "hii inafanana na ile?" kabla ya wengine walikuwa madaktari na mawakili waliopokea watoto hao mmoja baada ya mwingine. Kwenye kisa changu pia, aliyeandika neno la maana kuliko sote alikuwa muuguzi.

Kuhusu ungamo, najua wenzangu wanasema: bila hilo, dosie nyingi za Kongo hazifiki mahakamani. Inawezekana. Lakini huko Leicestershire, mwaka 1986, kijana wa miaka 17 alikiri moja ya mauaji mawili ya wasichana, na vipimo vya vinasaba, vilivyokuwa vipya kabisa, vikaonyesha kwamba si yeye, na kwamba mauaji yote mawili ni ya mtu mmoja mwingine. Sisi hatukuwa na vinasaba vya kutuokoa. Tulikuwa na mzee aliyeona aibu kusema amemfunika binti wa watu. Tangu hapo, ninapofundisha, nawaambia OPJ wachague jambo moja la eneo la tukio, waliandike kwenye karatasi, walifunge kwenye bahasha, na wasilitaje kwa mtuhumiwa hata wakikesha naye. Akilisema mwenyewe, ni lake.

Kosa langu kubwa lilikuwa redio. Siku ya 19 nilijua kwamba kijana si yeye. Nilinyamaza mpaka siku ya 25, nikihofia kwamba fundi akisikia atakimbia. Ilikuwa nafasi ya kumwomba chefu wa kila avenue, bila kutaja kitu, awarudishie wanawake ule utaratibu wa kutembea kwa makundi. Sikufikiria. Hakuna aliyedhurika katika siku hizo sita, lakini hiyo si kazi yangu, ni bahati.

Vielelezo vya kesi viko kwa karani wa mahakama, vimetiwa lakiri: roli la waya, fundo la daktari, simu, waya wa kuku, kitenge. Kitenge hakithibitishi kitu chochote dhidi ya mtu yeyote. Nilimsaidia yule mama kuandika barua ya kukiomba. Alijibiwa kwamba angoje rufaa iishe. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa ameketi nje ya ofisi, kidumu pembeni, akiniuliza kama nadhani wamekifua.